Kibao cha La

Nililipia masomo kumi na mawili, fedha taslimu,
na risiti ilisema wazi: hazirudishwi.
Baada ya somo la tatu Tausi akatangaza
kwamba amehamia mpira wa wavu.
Miaka kumi na mitatu, mabega juu, mlango puu!
Nikazihesabu upya zile dola.
Nikavaa viatu vya theluji, nikaenda mwenyewe.

Bi Halyna alifungua, akachungulia nyuma yangu
akimtafuta mwanafunzi.
"Ni mimi," nikasema. Hakucheka.
Alinipa ndara za sufi, akanionyesha kiti
ambacho mtoto wa miaka saba alikuwa ametoka kushuka;
tukakizungusha, tukakizungusha,
hadi magoti yangu yakaenea.

Nje Winnipeg imeganda,
hata moshi wa magari umesimama wima.
Ndani, vidole vyangu,
vinavyotia zipu majaketi mia kwa zamu,
havijui kwenda kimoja kimoja.
Cha pete kikiitwa, cha mwisho nacho hunyanyuka,
kama ndugu wasioachana hata kwa kutumwa dukani.

"Hesabu hadi nne," akasema, "kwa sauti."
Moja, mbili, tatu, nne,
na kila mara nikachelewa.
Ilituchukua somo zima kugundua:
namba zake zina silabi moja moja,
zangu mbili mbili,
hata nne, fupi kama kikohozi, ni n, kisha ne.
Nilikuwa napakia mizigo miwili
kwenye mkokoteni wa mzigo mmoja.
Akagonga penseli mezani, akafikiri.
Basi hesabu kikwenu, akasema, tutakwenda polepole.
Tangu hapo kila ninachopiga kina mwendo wa nusu.

Mguu tu ndio uliomshangaza.
"Umejifunza wapi kukanyaga hivyo?"
Kiwandani, Bibi. Miaka kumi na mmoja na cherehani:
ukikanyaga kwa pupa, uzi hukatika.

Nyumbani kinanda ni cha mtumba,
dola arobaini, kwa jirani wa ghorofa ya pili,
aliyenitajia kasoro yake
baada ya kuzikunja pesa mfukoni:
la ya katikati haisemi.
Do inasema, re, mi, fa, so,
kisha kimya,
kisha si inaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa.
Nikamweleza Bi Halyna kwamba kwetu la ni neno,
ndilo neno la kukataa,
na kibao changu kimekataa hata kukataa.
Hapo ndipo alipocheka, mpaka akavua miwani.

Basi usiku, sauti nimeipunguza,
Tausi nyuma ya ukuta na simu yake,
nikifika pale najazia mwenyewe kwa koo:
mm.
Kama unavyomwitikia mtu anayekusimulia,
asije akadhani umelala.

Somo la kumi na mbili halikuwa somo.
Ukumbi wa kanisa, viti vya kukunja, biskuti,
na karatasi yenye majina: Zuwena, mimi,
kati ya Jericho Dimaculangan, miaka saba,
na Maeve, miaka minane.
Mbele ya jina langu hawakuandika umri.
Jericho akamaliza, akainama, akaniachia kiti chenye joto.
Nikakizungusha, watu wote wakingoja.

Nikapiga. Moja, mbili.
Nikafika kwenye la,
na ile piano kubwa, nzima, isiyo na deni na mtu,
ikasema la,
na mimi, kwa mazoea, nikasema mm.
Ukumbi ulisikia. Mtu akakohoa kunisitiri.
Ikarudi, nikasema tena, sikuweza kujizuia.
Na mara ya tatu, kutoka safu ya nyuma,
alipokaa msichana asiyevua koti,
mpira wa wavu mapajani,
mtu aliitikia kabla yangu,
kimo kilekile, urefu uleule:
mm.

Nikakosea noti mbili zilizofuata.