Nakala Mia na Hamsini

Nilitaka nakala kumi na tano.
Tunu wa fotokopi, pale stendi ya Muheza,
akabonyeza huku anagombana na muuza machungwa.
Mashine ikakohoa, ikashika njia,
fomu juu ya fomu, zina joto la maandazi,
na tulipochomoa waya zilikuwa mia na hamsini.

Fomu ile ile. Hakuna nukta iliyohama.
Ridhaa ni ridhaa: sahihi hapa, dole gumba pale.
"Lipa kumi na tano," akasema. "Nyingine chukua, nitazipeleka wapi?"

Nikazibeba hadi chumba cha mbu.

Humu mimi ndiye yaya wao.
Nawalisha maji ya sukari kwa pamba,
nawavuta kwa mrija, ishirini na watano kila neli,
ndani ya neli karatasi yenye dawa
ile ile ya vyandarua vyetu.
Saa moja. Kesho yake nahesabu maiti.
Mwaka nilioajiriwa: ishirini na nne, ishirini na tano.
Wa Kwamzindo, juzi: saba.
Kumi na wanane wamesimama, wanajipangusa mbawa
kama watu waliotoka kuoga.

Tuliwasaga, tukawasoma ndani.
Tulitafuta kosa, herufi iliyoruka.
Hatukuliona. Jeni ni ile ya mabibi zao,
inayotoa kimeng'enya cha kutafuna sumu,
ila pale mbu wa zamani alipoinakili mara moja
huyu anainakili mara arobaini.
Kidole kimekwama kwenye kitufe.

Daktari Shekiondo hakuridhika.
"Kumkuta mtu penye moto si kusema ndiye aliyewasha."
Basi jeni ikapandikizwa kwa nzi wa matunda,
hawa wadogo wanaozengea machungwa yaliyooza sokoni,
na kitufe kikakandamizwa makusudi.
Tukamwekea dawa nzi asiyewahi kuijua.
Akatembea juu yake.
Nilipiga makofi. Nakiri, nilipiga makofi,
kisha nikaona haya, mikono inanuka spiriti.

Maana namfahamu Mhina wa Kwamzindo.
Masika, degedege, siku tisa wodini,
akarudi na mguu wa kushoto unaochelewa kumfuata.
Mama yake hakupaza sauti.
"Ulikuja na orodha yako ukanifundisha:
chomekea chini ya godoro, pande zote.
Nilichomekea. Usiku niliamka kukagua.
Niambie nilikosea wapi."

Hukukosea, nikasema.
Nikasema mbu wamezidisha, nikakosa neno,
wamezidisha kitu ambacho tangu hapo ni chao.
"Kwa hiyo chandarua nikitoe?"
Usikitoe. Bado kinapunguza. Kuna vipya vinakuja,
vyenye kiungo cha kukiziba mdomo kimeng'enya kile.
"Lini?"

Niliacha mezani kwake fomu mia moja thelathini na tano.
Nyuma ni nyeupe.
Mhina anaanza darasa la kwanza Januari.
Nilipopita Ijumaa alikuwa kifudifudi mkekani,
ameuma ulimi, anaandika M,
M, M, M, mpaka ukingo wa karatasi,
na karatasi ilipokwisha
penseli ikaendelea kwenye sakafu.
Nikainama nimzuie.
"Mwache," mama yake akasema.