Akiba Inayooza

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Wahenga hawakukesha Tartu mwezi wa Januari,
saa tisa kasorobo usiku,
bomba limepasuka kwa baridi
na seva ya pili kati ya tatu imelala majini.

Jina letu ni moja, milango ni mitatu.
Mwulizaji huyu aelekezwa wa kwanza,
anayefuata wa pili, mwingine wa tatu,
kisha twaanza upya. Zamu tupu, haina macho.
Humtaja maiti
kwa sauti ileile ya walio wazima.

Nikaifuta anwani orodhani. Dakika moja, kazi kwisha.
Nikamimina kahawa.
Simu ikalia: Aita Kõiv, mfamasia wa zamu, Otepää.
"Duara linazunguka tu, Maarika. Na mtoto ana homa."

Hapo nikaikumbuka ile namba:
sekunde elfu themanini na sita na mia nne.
Siku nzima. Ndiyo ruhusa tuliyoipa dunia
ya kulishika jibu letu bila kuuliza tena.
Ülo aliiandika, enzi za nyaya dhaifu.
"Usimchoshe mtu kuuliza analolijua."
Ulikuwa upole. Sikuwahi kuugusa.

"Zima, uwashe," nikamwambia Aita.
Akazima, akawasha. Safari hii
zamu ikamwangukia mlango wa tatu. Dawa ikatoka.
Sikumwambia kwamba ni bahati.

Basi nikakaa nautazama upole ukioza,
mji baada ya mji, kila akiba kwa saa yake:
Põlva alfajiri, Viljandi adhuhuri.
Programu nyingine zina akili: zikigonga kimya,
huhesabu hadi ishirini na moja, zikaenda kwa jirani.
Nyingine husimama palepale, theluji mabegani.

Siku ya nne bado kuna mmoja.
Kompyuta ya ghala, Valga, haijazimwa tangu kiangazi.
Iliuliza mara moja tu maishani mwake, ikaamini.
Kila nusu dakika, hodi.
Na seva yenyewe iko mezani kwangu, kifua wazi,
naipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele.

Nimekata tiketi ya basi la saa mbili asubuhi,
nikaizime kwa mkono wangu.
Namba mpya nimeandika: sitini.
Ülo atasema nimekuwa mchoyo wa imani.

Hodi, inasema Valga.
Hodi.