Chumvi Haitangulii

Sikonge, utambi wa kandili umeshushwa.
Mihambo kalilaza gobore la babake juu ya gunia,
anasokomeza kitambaa cha mafuta ya nyonyo
hadi mtutu ukohoe kutu ya masika.

Fataki kumi na mbili, ndani ya kopo la tumbaku.
Baruti mbali na moto:
mara mbili kanisogeza, mimi na kandili yangu.
Kibali kimekunjwa kwenye nailoni.
Makopa. Asali kidogo.

Natia kifundo cha chumvi.
Anakitoa.
Nakirudisha.
“Chumvi haitangulii nyama, Kalunde.”

Alfajiri mlio wa baiskeli umemezwa na miombo.
Kifundo nimekikuta juu ya kinu,
na kando yake fataki moja.

Kumi na moja, basi, ndizo zilizokwenda.
Sijui kaisahau
au kaniachia.