Kijiko

Nepi ya saba tangu magharibi.
Utosi wa Shamte umebonyea
kama kisahani cha kahawa.

Mama mkwe kasema: meno.
Jirani wa Buguruni kasema: jicho.
Sista Ndeshi kafinya ngozi ya tumbo,
kaitazama inavyochelewa kurudi.
"Kirusi," kasema, kama anayemtaja mpangaji mwenzetu.
"Kitanda hiki, wiki hii, wenu ni wa tano.
Hata wa Masaki kinawapata."

Kwa hiyo si mikono yangu?
Sikuuliza.
Nikachota kijiko cha maji ya pakiti, nikasubiri,
nikachota kingine.

Saa kumi na moja alfajiri
akalia, sauti kavu kama karatasi,
ila safari hii shavuni pakameta kitu.
Chozi.
Nikaamsha wodi nzima walione.