Hewa ya Wizi

Pijo mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyochacha,
imesimama mlangoni pangu, Barabara ya Kumi na Tisa,
na inakohoa.
Si kikohozi cha moshi; moshi ningeuelewa.
Kikavu, cha juu juu, kinarudi kooni,
pah, pah, kwenye mdomo wa kabureta,
kama mtu aliyepaliwa na pilipili ugenini.

Bi Salome Mhina hakuteremka upesi.
Muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mmoja wodi ya watoto, Bombo.
Alizima, akawasha, akazima.
"Kile kilima cha Pongwe, nikikanyaga, hana nguvu.
Nikivuta choki, anapata nafuu.
Ugonjwa gani huo, fundi, mtu kupona ukimziba pua?"

Nilicheka. Nilipaswa kusikiliza.

Nikafungua plagi. Zote nne nyeupe,
nyeupe ya chaki, ya mfupa uliosahauliwa juani.
Nikasema: njaa. Hewa tele, petroli kiduchu;
wageni mia, sufuria moja.

Siku ya kwanza nikashuku jeti.
Nikaipuliza, nikaielekeza juani,
kitundu kama jicho la sisimizi, na jua likapita lote.
Siku ya pili nikashuku boya,
nikapima kimo chake kwa njiti ya kiberiti,
nikaukunja ulimi wake wa shaba unene wa ukucha.
Siku ya tatu nikabadili pampu, nikabadili chujio,
nikabadili hata mpira wa petroli uliokuwa mzima.
Mbaruku akiandika bei kwenye boksi la sigara.
Kila jioni tunaipeleka hadi stesheni ya reli,
kila jioni inarudi ikikohoa.

Fundi akikosa jibu hununua kipuri.

Siku ya nne alikuja na kigoda chake mwenyewe.
"Washa," akasema, "kisha unyamaze."
Sijawahi kunyamazishwa gerejini kwangu.
Mbaruku akazima redio katikati ya matangazo ya vifo.

Akaokota mpira tunaofyonzea petroli,
akapangusa ncha kwa kanga, akaitia sikioni,
ncha ya pili akaitembeza taratibu
kama alivyotembeza, nadhani, vifuani mwa watoto wa watu
usiku wa mgao wa umeme:
hapa, vuta pumzi. Hapa. Geuka.
Juu, hakuna. Kwenye shafti ya kipepeo, hakuna.
Chini, kabureta inapokalia manifoldi,
upande ule jicho lisikofika,
mkono ukasimama.
"Anapiga mluzi. Njoo."

Sss. Mluzi mwembamba,
wa apitaye uchochoroni asitake kujulikana.
Hewa ya wizi: haipiti mlangoni, haipimwi,
haiulizi petroli iko wapi.
Nikadondosha oili ufani; mluzi ukakatika,
injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.
Pumzi tatu. Oili ikanyonywa. Mluzi ukarudi.

Nati mbili, spana ya kumi na tatu. Nikainua.
Haikuwa gasketi. Ilikuwa boksi la biskuti,
limekatwa kwa mkasi, ukingo mmoja umeliwa,
na kwenye kilichobaki, tarehe kwa kalamu ya bluu.
Mwandiko wangu.
Marehemu Bwana Mhina alikuwa akiwahi mazishi Korogwe;
nikamwambia, hii ya kukufikisha tu.
Ikamfikisha. Ikamrudisha.
Ikaendelea miaka sita baada ya yeye kusimama.

Nikaificha kiganjani. Kisha nikafungua kiganja.
Aliisoma bila miwani, mkono ameunyoosha mbali.
"Zamani," akasema, "ulikuwa na mwandiko mzuri."

Nikakata mpya, karatasi halisi,
nikasugua kitako cha kabureta kwa msasa juu ya kioo,
nikarudisha pampu yake ya zamani.
Mbaruku akachana lile boksi la bei, hakuambiwa.

Jumamosi walirudi kutoka Muheza, yeye na Pijo.
Plagi ingali ya moto, nikaishika kwa kitambaa:
kahawia, ya chapati iliyoiva.

Ule mpira sijauona tena.
Mbaruku anasema uko kiti cha nyuma,
umekunjwa vizuri, umefungwa kwa bendeji.