Anafuatana Na

Daftari la wageni lilikuwa na safu saba.
Jina. Umri. Atokako. Aendako. Siku ngapi.
Shughuli.
Na ya mwisho, iliyopigwa mstari kwa rula:
Anafuatana na.

Kijana wa mapokezi, hapo Wete, kofia imekaa upande,
alinisubiri na kalamu iliyofungwa uzi mezani.
"Mumeo anaegesha gari?"
Nikamwambia sina gari.
Hilo halikuwa jibu, na sote wawili tulijua.

"Shughuli?"
Hapo ndipo nilipokwama.
Sikuja mazishini, sikuja harusini, sikuja kudai urithi wa minazi,
sina mgonjwa wodini wala mtoto skuli,
simfuati mganga, simfuati mtu.
Miaka ishirini na sita nimesomesha Jiografia kule Rahaleo,
nimeichora Pemba ubaoni kwa chaki ya kijani
na kuifuta kwa kiganja kengele ikilia,
na sijapata kuikanyaga.
Utaiandikaje hiyo kwenye safu ya upana wa vidole viwili?
"Andika matembezi," nikasema.
Akaandika: Biashara.

Chumba nambari nne. Komeo halikuwa na mwenzake.
Nikaburura kitanda mpaka mlangoni,
juu yake begi, juu ya begi birika,
ili mwizi akija angalau tujuane kwa kelele.
Saa sita hatua zikaja ukumbini, zikasimama kwangu.
Zikapumua.
Mimi nikaacha kupumua.
Kisha sauti ya kiume, laini, kama ya mtu anayeuliza bei:
"Bi mkubwa, umelala?"
Nikakohoa kikohozi cha marehemu baba,
kile kizito, cha mpasua mbao,
na nikashangaa kwamba ninacho.
Hatua zikarudi zilikotoka, safari hii bila viatu.

Asubuhi nililia kidogo. Halafu nikanywa chai.

Dereva wa bodaboda aliniuliza mara tatu nani ananisubiri.
Mara ya tatu nikamzaa mjomba, pale pale barabarani:
askari mstaafu, mrefu, mkali, anakaa Konde.
Nikampa na jina, Makame.
Mpaka tunaingia msitu wa Ngezi nilishaanza kumpenda.

Mlinzi wa mnara wa taa, Kigomasha, alishika ufunguo asiutoe.
"Weye peke yako? Huogopi?"
"Naogopa," nikamwambia. "Fungua."
Ngazi za chuma. Nilizihesabu, nikapotewa, nikaanza upya.
Juu, upepo ukanivua mtandio
na wala sikuukimbilia.
Nikatazama chini: ile ncha ya kaskazini,
niliyokuwa nikiichora butu kama kidole gumba,
imechongoka kama penseli mpya.
Kunradhi, wanafunzi wangu wote.
Nilikuwa nikiwafutia kisiwa ambacho hakipo.
Nikacheka peke yangu kule juu, kwa sauti,
na hakuna aliyeniambia nishushe.

Siku ya tatu Bi Kazija, jirani wa nyuma ya ua,
hakuniuliza nina nani.
"Leo siku ya tatu," alisema, akanisukumia ungo,
"ila jembe sina."
Tukachambua karafuu mpaka adhuhuri, vikonyo huku, karafuu kule,
akinihadithia talaka zake mbili kama mtu anayehadithia mvua.
Sikumwambia yangu. Hakuiomba.

Jioni ile nilikula wali wa watu wawili,
maana muuzaji alikataa kumpakulia mwanamke sahani ya mmoja.
Meza nzima yangu, kiti cha pili kimevutwa tayari.
Mwiba wa samaki ukanikaa kooni
na hapakuwa na mkono wa kunipiga mgongoni.
Nikameza tonge kavu. Nikameza jingine.
Haya nayo niyaandike safu gani?

Siku ya kuondoka, kijana kaenda kutafuta chenji,
nikalifunua daftari, kurasa kwa kurasa.
Mume. Mume. Kaka. Mume. Wifi na watoto.
Kisha, mwezi wa Machi, chumba nambari nne:
Raya Faki Hamad, miaka hamsini na moja.
Shughuli: Biashara.
Anafuatana na: kistari kifupi, wino umekolea,
kama aliyekiandika alikibonyeza kwa hasira, au kwa raha.

Nikasimama pale, begi begani,
nikijiuliza naye usiku ule
alikohoa kwa sauti ya nani.