Ubao wa Trela

Saa kumi na mbili na robo, asubuhi ya Tregaron,
mvua bado inajiuliza kama ni mvua au ukungu.
Naja na ndoo ileile ya bluu,
koti lilelile lenye mfuko uliotatuka,
na neno moja mdomoni: taratibu.

Cadno ananitazama kwa jicho la mdai.
Rangi ya kutu, paji jeupe, miaka kumi na mmoja.
Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa;
huyu ameshakauka, tena alikunjwa vibaya,
kwa mjeledi, kwa mnyororo puani,
kwa wanaume watatu na kamba moja,
siku ile trela ilipoteleza kwenye kona ya daraja
naye ndani, gizani, akipiga mateke ubavu wa bati.
Tangu hapo, akiona ubao wa kupandia
husimama wima kwa miguu miwili
kama mtu anayeapa.

Gethin alikuwa na plasta kwenye kifundo cha mkono.
"Mnada ni Alhamisi," alisema, mwezi Machi.
Nikamwomba aningoje mpaka nyasi zikatwe.
Hakusema ndiyo. Alinipa ufunguo wa banda.

Kazi yenyewe, kama unataka kuijua, haina fahari.
Nasimama hatua ishirini kutoka kwenye trela,
kigwe kimelegea mpaka kinagusa majani.
Masikio yakilala nyuma, nasubiri.
Sikio likigeuka kunielekea, moja tu,
narudi nyuma hatua moja.
Hiyo ndiyo zawadi. Si karoti:
ni mimi, kumpunguzia mimi.

Siku ya kwanza, sikio.
Siku ya sita, pumzi ndefu, na ulimi ukilamba midomo.
Siku ya tisa, hatua kumi na nane badala ya ishirini;
nikaenda nyumbani nikijisemesha njia nzima.

Neno lazima liwe moja, niliwaambia wote.
Basi Gethin naye husema taratibu,
ere yake ikiviringika kama kokoto mtoni,
na Nerys wa viatu vya kwato husema taratibu
misumari ikiwa mdomoni,
hata mleta barua, ambaye hakuombwa.

Siku ya kumi na saba nilitoka zamu ya usiku
kwenye nyumba ya wazee. Emrys wa chumba cha nne
alikata roho alfajiri, mkono wake ndani ya wangu. Sikulala.
Cadno akagoma kwenye hatua ya nane, nami nikavuta.
Mara moja. Kwa nguvu. Na ukelele juu yake.
Kamba ikanichuna viganja,
naye akavuka uwanja mzima bila kugeuka.
Mvuto mmoja: siku kumi na moja za kuanza upya.
Nilizihesabu. Yeye pia, nadhani.

Kesho yake, ndoo ya bluu,
koti, hatua ishirini.
Sikumwomba radhi kwa maneno.
Farasi huisoma radhi kwenye saa,
ukija saa ileile.

Leo nyasi zimekatwa, bonde zima linanukia.
Gethin kaegemea lango, plasta imetoka,
mkono mweupe kama kitu kilichotolewa gambani.
Cadno ananusa ubao. Anaupulizia pumzi ya kishindo.
Anaweka ukwato mmoja, wa mbele, wa kushoto.
Ubao unalia ngo.
Ngozi ya bega inakimbia kama maji yaliyoguswa,
lakini ukwato hauondoi.

"Sasa!" ananong'ona Gethin. "Mvute, sasa!"

Nalegeza kigwe.
Narudi nyuma hatua moja.
"Taratibu," nasema,
sijui kwa nani kati yao,
na sote watatu tunageuka kurudi bandani,
trela nyuma yetu ikiwa wazi, tupu, mvua ikiingia.